Mtoto wa miezi 7 fizi zimevimba, mama mkwe anasema ni meno ya plastiki. Naombeni ushauri

MamaWaBuhongwa

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo Mwanza, Buhongwa. Mtoto wangu wa kwanza, wa kike, ametimiza miezi 7, na wiki hii nyumba nzima hatulali. Udenda unamwagika mpaka nguo inalowa kifuani na shingoni ametoka vipele. Anatafuna kila anachoshika, hata mkanda wa mbeleko. Akinyonya anavuta mara mbili tatu, analiachia titi, analia, anajivuta sikio. Nikimpapasa ufizi wa chini nasikia kitu kigumu kama punje ya mchele. Usiku mwili unachemka, na tangu juzi anaharisha majimaji.

Naomba kwanza mnisaidie, nimpake au nimpe nini hizo fizi zipoe? Muuza duka la dawa ameniuzia jeli ya ganzi, bado sijaifungua.

La pili ndilo linaloniumiza kichwa. Mama mkwe amekuja kutoka Magu kutusaidia. Jana alimfunua mtoto mdomo akaona vivimbe vyeupe pembeni, juu na chini. Akasema homa na kuharisha vinaletwa na meno ya plastiki, kule kijijini kuna mzee anayatoa, Jumamosi twende. Mume wangu yuko visiwani kwenye dagaa, simu inapatikana kwa kubahatisha, na ikipatikana ananiambia "msikilize mama". Mimi sitaki kumvunjia heshima mama, kanipokea vizuri toka nimeolewa. Natanguliza shukrani.

Shangazi wa Nyakato

Pole mwanangu, na hongera kwa jino linalokuja. Nimelea wangu na wa ndugu zangu, kwa hiyo nikuambie la fizi, hayo mengine wataalamu watakuja.

Chukua kitambaa cha pamba kisafi, kichemshe, kikamue, kiloweke kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa. Kama una friji kiweke huko mpaka kiwe baridi, lakini kisigande. Kitu kilichoganda kinaumiza fizi zilizovimba. Huna friji? Maji ya mtungi wa udongo yanatosha, mradi yalichemshwa kabla ya kutiwa humo. Mpe akitafune wewe umeshika ncha ya pili. Kingine, nawa mikono kwa sabuni, kata kucha, halafu msugue ufizi kwa kidole polepole, dakika moja au mbili kabla hujamweka kwenye titi. Watoto wengi hunyonya vizuri baada ya hapo. Vile vidude vya mpira vya kung'ata navyo ni vizuri, ila chukua kilicho kitupu bila maji ndani, na usimfungie kwa kamba shingoni. Usiku kamba ni hatari.

Vipele vya shingoni ni vya udenda. Futa kwa kugusa bila kusugua, paka mafuta ya mgando kidogo, mvue nguo iliyolowa.

Mpenda Sato

Sisi kwetu tulipewa tobolwa kavu, kile kiazi kitamu kilichochemshwa kikakaushwa, unang'ang'ana nalo siku nzima na meno yenyewe yanatoka kwa hasira. Hayo mavidude ya mpira ya nini?

Shangazi wa Nyakato

Mpenda Sato, wewe ulikuwa na bahati na koo pana. Tobolwa likilainika kwa mate linameguka, kipande kinakwenda kooni. Mtoto wa miezi 7 hana meno ya kusaga. Karoti mbichi, kipande cha muwa, mfupa, vyote hivyo ni hadithi moja. Matobolwa kula wewe na chai yako.

Mvuvi wa Igombe

Dada kama ni ubaridi, mwaloni Kirumba barafu ni bei ya kutupa 😂

Shangazi wa Nyakato

Ile barafu ya kulazia sangara? Mdomoni mwa mtoto anayeharisha? Mvuvi, rudi ziwani.

Kidawa wa Pasiansi

Mimi mdogo wangu nilikuwa nampaka asali na chumvi kidogo, analala fofofo.

Nesi Mstaafu

Kidawa, asali usimpe mtoto yeyote asiyetimiza mwaka 1, hata ya kupaka. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu lakini kwenye utumbo wa mtoto mchanga vinatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Si jambo la kila siku, lakini likitokea ni la kulazwa. Chumvi nayo ya nini kwenye ufizi uliochubuka?

Sasa mama wa Buhongwa, mwanangu, ile jeli iache ilivyo. Nyingi za aina hiyo zina dawa ya ganzi iitwayo benzocaine. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema wazi zisitumike kwa watoto chini ya miaka 2, kwa sababu zinaweza kufanya damu ishindwe kubeba oksijeni, mtoto akageuka kijivu midomoni na kuanza kuhema kwa shida. Na faida yenyewe haipo, maana udenda unaiosha kabla hujafunga kifuniko. Kwa maumivu yanayomnyima usingizi kuna parasetamoli ya maji, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Angalia uzito kwenye kadi ya kliniki. Kwa mtoto wa kilo 8, ile yenye miligramu 120 katika mililita 5, haizidi mililita 5 kwa mara moja, upishe angalau saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 kwa siku. Pima kwa kijiko kilichokuja na chupa, kijiko cha chai hakina kipimo. Aspirini usimpe kabisa.

Lakini nimesoma swali lako mara mbili, na fizi si jambo kubwa hapo. Jino linaleta udenda, kununa, kutafuna vitu, pengine joto kidogo la mwili. Homa ya mwili kuchemka halisababishi, na kuharisha halisababishi. Vinakutana tu kwa sababu ya umri. Kinga aliyopewa na wewe tumboni inaisha karibu na miezi 6, na hapo hapo ndipo anaanza uji, anaanza kutambaa, anaokota vitu sakafuni na kuvitia mdomoni. Ndiyo maana bibi zetu waliona jino na kuhara vinatembea pamoja, wakasema kimoja ni mama wa kingine.

Na sisi tuko kanda ya ziwa. Homa ya mtoto huku haisubiri Jumamosi, inapimwa malaria siku hiyo hiyo, kile kipimo cha kuchoma kidole, majibu kwa dakika chache. Nenda zahanati au kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Kwa sera ya nchi mtoto chini ya miaka 5 hatozwi matibabu huko. Wakati unajiandaa, endelea kumnyonyesha kila anapotaka, na umpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti 1 kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kidogo kidogo kwa kikombe na kijiko, mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Uliza na vidonge vya zinki, kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukiisha katikati.

Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea huwezi kumwamsha, akiharisha damu, au utosi umebonyea na macho yameingia ndani, usingoje kesho, bodaboda usiku huo huo.

Tabibu wa Meno

Nesi kamaliza la homa. Mimi niseme la hayo "meno ya plastiki", maana kila mwezi naletewa mtoto aliyekwisha kutobolewa.

Vile vivimbe vyeupe pembeni ni meno ya chonge. Ni meno halali ya mtoto wako, yamo ndani ya ufizi yanasubiri zamu yake. Meno ya mbele ya chini hutangulia, wengi karibu na miezi 6, ingawa kuna anayeota wa 4 na anayeota wa 12 na wote wazima. Chonge huja baadaye, kuanzia miezi 16 mpaka karibu 23. Kwa miezi 7 ufizi wa pale unainuka na unang'aa mweupe. Fungua mdomo wa mtoto wa jirani wa umri huo huo, asiye na homa wala kuhara, utavikuta vilevile.

Anayetoa hutumia wembe, kucha ndefu, au spoki ya baiskeli iliyochongwa, kifaa kimoja kwa watoto wote waliopanga foleni. Anachokionyesha, kile kitu cheupe laini mithili ya plastiki, ni jino lenyewe ambalo bado halijakomaa. Nimeona walioingia wodini kwa kuvuja damu, nimeona usaha mpaka kwenye taya. Pepopunda na virusi vya UKIMWI navyo hupita njia hiyo hiyo. Wanaopona wanaletwa wakiwa darasa la tano au la sita, chonge la kudumu halijatoka au limetoka limepinda, kwa sababu mbegu yake iko pale pale chini ya lile la utotoni na spoki haichagui.

Mzee wa Misungwi

Tabibu na heshima yako, mimi wanangu wawili walitolewa miaka ile ya 80 uvumi ulipopamba moto, kuhara kukakata. Hospitali zilikuwa zimeshindwa. Msiwadharau wazee.

Tabibu wa Meno

Shikamoo mzee wangu. Siwadharau. Nakuuliza kwa adabu tu, walipelekwa siku ya ngapi ya kuhara? Kwa kawaida mtu hujaribu dawa hii, akajaribu ile, anafika kwa mtoaji siku ya nne au ya tano. Kuhara kwingi kwa watoto hukatika kwenyewe ndani ya wiki moja, watolewe wasitolewe. Anayekutwa mwisho wa safari ndiye anapewa sifa. Na wale ambao hawakupona, mzee, wazazi wao hawaji kusimulia.

Mzee wa Misungwi

Marahaba. Siku ya ngapi sikumbuki. Nimekusoma.

Kidawa wa Pasiansi

Jirani yangu yeye aliambiwa ni kimeo, akakatiwa mtoto kimeo kwa wembe. Kumbe ni kikohozi cha kawaida. Hizi nyembe jamani.

Wifi wa Sengerema

Wote mmesema ya tiba, hamjamsaidia mwenzetu na mkwe. Dada, usiende kumwambia mama "kwenye simu wamesema". Hapo umemwita mjinga mbele ya mjukuu wake. Mimi ya kwangu niliyafanya hivi. Asubuhi nilimwamkia, nikamwambia mama, mtoto hajalala na wewe ndiye mwenye uzoefu, nisindikize kliniki, mimi naogopa peke yangu. Akambeba yeye. Kule ndani nikakaa kimya, nikamwacha yeye aeleze mtoto ameanzaje. Nesi alikuwa Msukuma mwenzake, wakaanza na "mwangaluka mayu", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, wakamaliza na yote. Alichokataa kwangu alikikubali kwa mtu wa rika lake mwenye sare. Na ukifika mwombe muhudumu mwenyewe amwonyeshe mama vile vivimbe, akiwa amevishika kwa glavu.

Mume naye mtumie ujumbe wa sauti mfupi, si wa kulalamika: "Tunaenda na mama hospitali kupima." Hawezi kukataa, mama yumo.

Mvuvi wa Igombe

Wifi una kipaji, ungegombea udiwani. Na kweli, huku visiwani mtu anapata mtandao akipanda jiwe, usimhukumu shemeji bado.

MamaWaBuhongwa

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimefuata ya Wifi neno kwa neno, tumeenda leo na mama, yeye kabeba. Malaria hana. Daktari kamulika masikio, la kulia ni jekundu ndani limevimba. Mimi nilijua anavivuta kwa sababu ya meno. Amepewa dawa ya sikio ya kunywa, ORS na zinki. Homa wamempima ikawa 38.9.

Mama ameonyeshwa vivimbe. Aliuliza maswali mengi kuliko mimi. Hajasema amekubali, amesema tu safari ya Magu isubiri mtoto apone kwanza. Sikumwongezea neno.

Kitambaa cha baridi anakipenda, anakinyonya mpaka analala nacho. Jeli nimeirudisha, muuza duka amekataa kunirudishia hela, basi. Swali moja la mwisho: jino limechungulia, na sasa ananing'ata titi. Mpaka machozi. Nimwachishe?

Nesi Mstaafu

Usimwachishe, hasa akiwa anaharisha. Anapong'ata usivute titi kwa nguvu, litachanika. Mvutie kifuani kwako kidogo, pua ikigusa titi atafungua mdomo mwenyewe, au ingiza kidole chako kisafi pembeni mwa mdomo umwachanishe. Kisha mwambie "hapana" kwa sauti ya kawaida, mpumzishe kidogo, mrudishe. Ukipiga kelele wengine wanaogopa titi na wengine wanacheka na kurudia. Mara nyingi huuma mwishoni akiwa ameshiba anachezea, kwa hiyo ukiona amepunguza kumeza, mtoe kabla. Na msugue ufizi kabla ya kunyonya, kama shangazi alivyosema.

Dawa ya sikio mmalizie siku zote alizoandikiwa hata homa ikikata kesho. Zikipita siku 2 joto bado lipo, mrudishe.

Shangazi wa Nyakato

Na hilo jino lililochungulia, lipanguse kila jioni kwa kitambaa safi chenye maji. Usiku asilale na chupa ya maziwa mdomoni. Mama mkwe msalimie sana.