Tupeane uzoefu: kijana kagongwa kichwa au kazidiwa na joto uwanjani, nyie mlifanyaje?

Mama Kipa (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nina binti wa miaka 16, anadakia timu ya shule. Siku tisa zilizopita alitoka golini kufuata krosi, akakutana na goti la mshambuliaji. Hakuzimia. Aliinuka, akaokota glovu iliyomtoka, akatuonyesha dole gumba. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Baada ya dakika kama kumi nikamwona anapanga ukuta, anawapigia kelele mabeki wasogee kushoto. Mpira wenyewe ulikuwa unarushwa kule upande wa pili. Mapumziko akanifuata: "Mama, ngapi ngapi?" Nikamjibu. Akakunywa maji, akanigeukia: "Mama, ngapi ngapi?" Aliponiuliza mara ya tatu, kwa sauti ileile, nilimshika mkono nikamvua glovu. Kocha alininunia.

Hospitali walimpiga skani ya kichwa, ikatoka safi. Nikashukuru, nikachukua pochi tuondoke. Daktari akanirudisha kwenye kiti. Akasema skani inatafuta damu na mfupa uliopasuka, mtikisiko wa ubongo hauonekani humo. Ikitoka safi haina maana kwamba hajaumia.

Sasa binti anasema amepona na anataka kudaka Jumamosi. Wenye watoto wanaocheza, waliowahi kucheza, walimu, naomba mnipe yaliyowakuta. Na ya joto pia mseme, maana timu yao inafanya mazoezi saa nane mchana na msimu wa jua kali ndio huo unaingia.

Nawasilisha.

Beki Mstaafu

Mama, usimwamini huyo binti. Simsemi kwa ubaya, nasema kwa sababu mimi nilikuwa yeye.

Nilipigana vichwa na mwenzangu tukiwania kona. Siku ya tano nikamwambia mwalimu kichwa kimeacha kuuma. Uongo mtupu. Taa za darasani zilikuwa zinanichoma macho, na nikisoma kitabu mistari inarukaruka, nasoma mstari mmoja mara nne. Mechi iliyofuata sikugongwa hata kichwani, nilipigwa kikumbo cha kawaida kabisa begani. Nikaamka pembeni ya uwanja. Nilikaa miezi mitatu siwezi kusoma zaidi ya robo saa, na mwalimu wa hesabu alikuwa ananiita mvivu kwa sababu kwa nje sina hata mkwaruzo.

Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba nilikuwa na bahati. Ubongo ambao haujapona ukitikiswa tena unaweza kuvimba ghafla, na hiyo inaua. Wanaokufa hivyo wengi ni vijana wa umri huo huo wa binti yako. Kule Ontario, Kanada, nahodha wa raga wa miaka 17 alifariki mwaka 2013 baada ya kugongwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache. Marafiki alikuwa amewaandikia kwamba huenda ana mtikisiko wa ubongo. Watu wazima hawakujua. Mwaka 2018 wakapitisha sheria yenye jina lake, Sheria ya Rowan.

Kwa hiyo usimuulize yeye tu. Waulize anaokaa nao dawati moja.

Mwalimu wa Zamu

Mimi nilikuwa huyo kocha anayenuna, kwa hiyo niacheni nijieleze kidogo.

Ukiwa umesimama pale mstarini, timu yako inaongoza moja bila, huna kipa wa akiba, macho yako hayaoni sawasawa. Unaona dole gumba kwa sababu unalitaka. Nilimrudisha winga aliyegongwa kichwa uwanjani mara mbili siku moja. Alimaliza mechi, akatapika kwenye basi. Alipona, lakini kila nikikumbuka ile harufu ya basi siko sawa.

Tulichobadilisha ni kitu kimoja tu. Kabla ya mechi anatajwa mwalimu ambaye hahusiki na timu, na yeye akisema mchezaji atoke, anatoka, na siku hiyo harudi. Hakuna mjadala na kocha, hakuna mjadala na mzazi (wazazi wengine ni wabaya kuliko makocha, tusidanganyane). Ana maswali yake mafupi: hapa ni uwanja gani, hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili, goli la mwisho kafunga nani, wiki jana tulicheza na nani, tulishinda? Akikosea anatoka. Akijibu yote vizuri lakini anayumba au analalamika kichwa, anatoka vilevile. Hayo maswali yapo kwa ajili ya kumtoa mtu. Kumsafisha hayawezi.

Kuhusu Jumamosi: asidake. Baada ya siku moja mbili za kupumzika, bila kujifungia gizani kama zamani, anarudi kwa hatua. Shughuli ndogo za kila siku, kisha kutembea kwa kasi au baiskeli, kisha kukimbia na kubadili mwelekeo, kisha mazoezi ya mpira bila kugusana. Akifika hapo dalili ziwe zimeisha na daktari awe ameridhia, ndipo mazoezi kamili, mwisho mechi. Kila hatua angalau saa 24, na dalili zikimzidi anarudi hatua ya nyuma. Masomo yatangulie mpira. Asiyeweza kukaa darasani siku nzima hana la kufanya golini.

Mbio Ndefu

Mimi nina ya joto.

Ilikuwa wiki ya kwanza baada ya likizo, wote tumetoka kulala nyumbani mwezi mzima. Mwenzetu mmoja alichelewa, akapewa adhabu ya mizunguko kumi, peke yake, sisi tukiwa kivulini. Mzunguko wa saba akaanza kukimbia kama mlevi, miguu inapishana. Tukacheka. Wa nane akamtukana rafiki yake wa karibu, matusi ambayo hajawahi kutamka, halafu akaendelea kukimbia. Mwalimu akamwita: "Uko sawa?" Akajibu, "Niko poa."

Akadondoka. Jezi imelowa chapachapa, na kuna mtu akasema kwa kujiamini kabisa, "Bado anatoka jasho, hilo si joto." Tukamlaza chini ya mti, tukamwagia chupa moja ya maji, tukaanza kutafuta gari. Gari likaja baada ya dakika arobaini. Alipona, ila figo zilimsumbua wiki kadhaa, na hakukimbia tena.

Hakuna kati yetu aliyejua kwamba anayepigwa na joto huku anafanya mazoezi anaweza kuendelea kutoka jasho mpaka anaanguka.

Nesi wa Dharura

Mbio Ndefu, pole sana. Hizo dakika arobaini ndizo zilizomwumiza.

Wazazi na walimu, shikeni hili: poza kwanza, safirisha baadaye. Mtu akichanganyikiwa, akiwa mkali ghafla au akianguka kwenye joto, fikiria kiharusi cha joto papo hapo. Mwili wa ndani unakuwa umevuka nyuzi 40, na lengo ni kuushusha ndani ya nusu saa. Mmoja apige simu ya dharura, wengine wamvue vifaa na nguo nzito, wamtumbukize kwenye maji ya barafu mpaka shingoni, mtu mmoja akishika kichwa kisizame na mwingine akikoroga maji. Msipokoroga, maji yanayomzunguka yanapata joto lake na kupoza kunapungua. Hakuna pipa? Turubai. Mlazeni katikati, watu wanyanyue kingo zote, mwageni maji na barafu, myasukesuke. Hata hilo hakuna? Mataulo ya barafu mwili mzima, mbadilishe kila yanapopata joto.

Kipimajoto cha paji la uso kitawadanganya, na cha kwapani hali kadhalika. Cha uhakika ni cha njia ya haja kubwa, kwa aliyefundishwa. Msipokuwa nacho, msisubiri namba ndipo muanze kupoza. Panado haisaidii hapa, si homa. Na aliyechanganyikiwa msimnyweshe kitu, atapaliwa.

Enzi Zile

Mnawalea vijana kama mayai. Sisi kunywa maji mazoezini ilikuwa marufuku, tuliambiwa yanalegeza, na tukatoka wanaume.

Beki Mstaafu

@Enzi Zile, wasiotoka hawamo humu kuchangia, mzee wangu.

Baba Mkimbiaji

Ila na maji yenyewe msikazanie kupita kiasi. Wangu tulimjaza hofu ya kukauka hadi akawa anabeba chupa tatu, anakunywa hata bila kiu. Siku ya mbio ndefu akaja na kichwa kinauma, tumbo limejaa, vidole vimevimba, anatapika. Tukataka kumwongezea maji! Daktari akasema chumvi ya damu imeshuka kwa sababu ya maji mengi. Sasa anakunywa kwa kiu yake.

Filimbi

Nachezesha mechi za vijana. Nyongeza ndogo.

Helmeti husaidia kuzuia fuvu kupasuka, na zile bendi za kichwani husaidia ngozi isichanike. Mtikisiko haziuzuii, kwa sababu ubongo unatikisika ndani ya fuvu. Nimeona watoto wakishavaa wanaingiza vichwa mahali ambapo awali wangeogopa.

Upande wa joto, Kombe la Dunia 2014 mapumziko ya kunywa maji yaliwekwa pale kipimo kikivuka nyuzi 32. Si zile nyuzi za utabiri wa hewa wa redioni. Kile kipimo kinajumlisha unyevu wa hewa, jua na upepo, kwa hiyo 32 yake ni kali sana. Wale ni wachezaji wa kulipwa waliozoeshwa, wenye madaktari benchi. Mwili unahitaji kama siku 10 hadi 14 kuzoea joto, na wiki ya kwanza baada ya likizo ndiyo ya hatari kuliko zote. Saa nane mchana, mama, hapana.

Mama Kipa (mtoa mada)

Nimerudi na mrejesho.

Hakudaka. Nilifuata ushauri wa Beki, nikamuuliza rafiki yake wa dawati. Akaniangalia, akamwangalia binti yangu, akasema Jumanne aliomba kwenda chooni akakaa huko kipindi kizima amefumba macho. Nyumbani nilinuniwa siku mbili. Sasa yuko kwenye baiskeli. Alipojaribu kukimbia kichwa kikauma, tukarudi nyuma hatua moja, analalamika kwamba nimekuwa refa.

Nilipeleka maneno ya Nesi na Filimbi shuleni, nikiwa na wazazi wengine wanne. Mazoezi yamehamishiwa alfajiri. Pipa nalo limewekwa pembeni ya uwanja, lile kubwa la plastiki, na majokofu mawili ya barafu. Tatizo ni wavulana, wameligeuza bafu lao la baada ya mazoezi, na mwalimu anasema barafu inaisha kabla hata jua halijachomoza vizuri. Anatafuta kufuli.