Kuitembelea Burundi kutokea Dodoma: tuanzie wapi?

Mwalimu wa Nkuhungu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa jijini Dodoma. Katika likizo ya mwezi wa sita, mimi na mke wangu tunakusudia kwenda Burundi, na kila tunayemweleza anashangaa, kwa kuwa wengi wetu tukitaka kutembelea nchi jirani huwaza Nairobi, Kampala au Kigali, na Burundi tunaijua kwa habari za wakimbizi tu. Maelezo niliyoyapata yanaitaja Bujumbura na fukwe zake, kisha yanakoma. Ninamwomba yeyote aliyezaliwa huko, au anayeifahamu vizuri, atueleze ni wapi panapostahili siku zetu, namna ya kufika, na kama Kiswahili kitatutosha. Tuna muda wa wiki moja hivi.

Mzaliwa wa Gitega

Mwalimu, amahoro. Nimezaliwa Gitega na nimeolewa hapa Dodoma, kwa hiyo swali lako limenigusa.

Ukubwa wa Burundi ni kilomita za mraba 27,834, yaani ni ndogo kuliko Mkoa wa Dodoma peke yake, lakini wakazi wake ni zaidi ya milioni 12. Kwa mtu aliyezoea nyika za Ugogo, jambo la kwanza litakalomshangaza ni kwamba karibu kila mteremko umelimwa, kuanzia bondeni hadi juu, na kwamba watu wa mashambani kwa desturi hawakai katika vijiji vilivyokusanywa pamoja kama vya kwetu huku. Kila familia ina boma lake mlimani, limezungukwa na migomba, na ukimuuliza mtu kwao ni wapi atakutajia mlima. Nchi ya namna hiyo haionekani kwa kukaa ufukweni. Ndiyo maana ninawasihi msiishie Bujumbura, bali siku zenu nyingi mzipe Gitega na milima inayoizunguka.

Gitega ndiyo makao makuu ya nchi tangu mwaka 2019, na Bujumbura imebaki kuwa mji wa biashara. Ninyi wakazi wa Dodoma mtaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Mjini kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yenye vyombo na mavazi ya enzi za ufalme uliokomeshwa mwaka 1966. Ni madogo, na saa moja inatosha.

Pasipotosha saa moja ni Gishora, kilomita chache kutoka mjini. Hapo palikuwa na boma la mfalme Mwezi Gisabo, yule aliyepambana na Wajerumani hadi akalazimika kusaini mkataba nao mwaka 1903, na hapo ndipo zinapotunzwa ngoma mbili za heshima, Ruciteme na Murimirwa, ambazo hazipigwi ovyo. Ngoma zinazochezwa mbele ya wageni huchongwa kutokana na gogo la mti unaoitwa umuvugangoma. Wapigaji huingia uwanjani wakiwa wamezibeba kichwani huku wakiendelea kuzipiga, kisha huzipanga nusu duara kuizunguka ngoma ya kati, inkiranya, na mmoja baada ya mwingine hujitokeza mbele kuruka na kuongoza mdundo. Zamani ngoma hizi zilikuwa za mfalme, zikipigwa alipotawazwa, alipozikwa, na katika sherehe ya umuganuro ya kufungua msimu wa kupanda mtama. UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Nimeziona zikichezwa kwenye majukwaa ya hoteli, na ninawaambia kwa dhati kwamba pale kilimani, watoto wakiwa wamekaa pembeni wakijifunza, ni jambo jingine kabisa.

Mkiwa na siku ya ziada, nendeni Rutovu, kusini mwa Gitega, kwenye chemchemi inayohesabiwa kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Maji yake huingia mto Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Victoria. Juu ya kilima kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938. Upande wa mashariki zaidi kuna maporomoko ya Karera, ambako maji hushuka kwa ngazi kadhaa katikati ya msitu.

Kuhusu Bujumbura, kuleni mukeke, samaki ambaye Kigoma humwita mgebuka, akiwa amechomwa, na mtazame jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Mtaonyeshwa pia jiwe la Mugere lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo watakaowaambia kwamba wawili hao walikutana hapo kwa mara ya kwanza. Walikutana Ujiji, kwetu Kigoma, na hapo Mugere walipita baadaye wakiwa pamoja.

Dereva wa Njia ya Kati

Mwalimu, dada ameeleza vizuri, nami niongeze habari ya njia, kwa sababu ninapeleka mizigo huko. Kutoka Dodoma mtapita Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi na Lusahunga, kisha mtaelekea Ngara hadi mpaka wa Kabanga, ambao kwa upande wa Burundi unaitwa Kobero. Wasafiri wengi hudhani kwamba ni lazima wafike Bujumbura kwanza, jambo ambalo si kweli: kutoka Kobero mnafika Muyinga, na kutoka Muyinga kuna barabara inayopita Karuzi na kushuka moja kwa moja Gitega. Mkirudi mnaweza kutokea Bujumbura, mkafuata ziwa kupitia Rumonge, mkaingia Kigoma kwa mpaka wa Manyovu.

Mtanzania hahitaji viza, lakini chukueni pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kama mtakwenda na gari lenu, kumbukeni kwamba kule magari hupita kulia, na kwamba katika miaka ya karibuni mafuta yamekuwa yakiadimika mno. Kwa hiyo jazeni tangi kabla ya mpaka, au, kwa maoni yangu, liacheni gari nyumbani. Tena msipange safari ya Jumamosi asubuhi, kwa maana huo ni wakati wa kazi za jamii na usafiri husimama kwa saa kadhaa.

Mjukuu wa Ulyankulu

Shikamoo mwalimu. Babu na bibi yangu walikimbia Burundi mwaka 1972, na familia yetu ni miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania mwaka 2014, kwa hiyo nchi hiyo naijua kwa masimulizi na kwa kuwatembelea ndugu.

Kiswahili kitawatosha kabisa Bujumbura, hasa mtaa wa Buyenzi, ambao ni wa Waswahili tangu zamani, na pia Rumonge na mwambao wote wa ziwa. Mkipanda milimani hali inabadilika, kwani huko watu wanaongea Kirundi, na waliosoma huongeza Kifaransa. Jifunzeni angalau salamu: mwaramutse asubuhi, mwiriwe jioni, na urakoze mkipewa kitu. Salamu kule haikatizwi kwa haraka, na mkono wa kulia hutolewa huku wa kushoto ukigusa kiwiko.

Jambo moja ninaliomba kwa uzito. Msimuulize mtu kabila lake, hata kwa nia njema. Mauaji ya mwaka 1972 na vita vilivyoanza mwaka 1993 viliigusa karibu kila familia, na mazungumzo ya amani yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere, kisha na Mandela baada ya Mwalimu kufariki, hadi mkataba kusainiwa Arusha mwezi Agosti 2000, bado wazee wanayakumbuka. Mtanzania hupokelewa vizuri kwa sababu hiyo. Mwenyeji akitaka kuyasimulia, atayasimulia mwenyewe, nanyi msikilizeni.

Mwalimu wa Nkuhungu

Nawashukuru sana, na marahaba mjukuu. Tumekubaliana kuanzia Gitega. Swali la mwisho linatoka kwa mke wangu, ambaye ni Mgogo na amekua akipiga muheme, ngoma ambazo kwetu hupigwa na wanawake. Je, pale Gishora ataruhusiwa kujaribu?

Mzaliwa wa Gitega

Mwalimu, mfikishie dada salamu zangu, na mwambie mapema ili asivunjike moyo akiwa pale: hapana. Kwa desturi ngoma za kifalme hupigwa na wanaume, na amri ya serikali ya mwaka 2017 imewakataza wanawake kuzipiga. Vikundi vya wanawake vilikuwapo kabla ya hapo, na mimi nilivipenda, lakini wenyeji wa Gishora wasilazimishwe kukiuka sheria kwa ajili ya mgeni. Hata hivyo, awaeleze kuhusu muheme na namna wanawake wa Kigogo wanavyoishika ngoma kati ya mapaja, na kama anayo picha ya mjongeo katika simu awaonyeshe, kwa sababu wapigaji wale ni mafundi na watapenda kujua. Atumie Kiswahili polepole; mwongozaji atatafsiri. Bei ya onyesho mkubaliane naye kabla ngoma hazijaanza, na muulizeni pia kama mnaruhusiwa kupiga picha.