Tabia ilibadilika, kumbe ni ubongo: tupeane uzoefu

Kipanga Mtulivu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba hapa tuweke visa vya kweli tu, vyako au vya mtu unayeishi naye, ambapo tabia ilibadilika halafu ikaja kujulikana kwamba chanzo ni ubongo au mishipa ya fahamu. Mawaidha ya kuwaza mazuri yana nyuzi zake, tuyaache huko. Hapa tuseme kilichoonekana, nani alishtuka wa kwanza, na kipi kilisaidia.

Naanza na baba. Alipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo. Mkono wa kushoto ukalegea, na hilo tulishaambiwa tulitegemee. La kushangaza lilikuja asubuhi moja aliponyoa ndevu mwenyewe. Katoka bafuni shavu la kulia linang'aa, la kushoto bado limejaa povu. Nikamwambia, "Baba, hujamaliza." Akajipapasa shavu la kulia, akanijibu kwa ukali kidogo, "Nimemaliza, wewe huoni?"

Chakula hivyo hivyo. Anakula nusu ya sahani, ya kulia, anaisukuma na kulalamika kwamba amepewa kidogo. Ukiizungusha sahani anaendelea kula kama umemwongezea. Mama akisimama kushoto kwake na kumsemesha, haitikii, na mama akawa anaumia kimya kimya akidhani anadharauliwa. Macho yalipimwa, mazima. Masikio mazima.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetufungua. Alisema kiharusi cha upande wa kulia kinaweza kuua uangalifu wa upande wa kushoto. Picha inaingia machoni, ila ubongo hauishughulikii. Na mgonjwa hajui kama kuna kitu kimepungua, kwa hiyo kubishana naye ni kujichosha.

Tuliyofanya: kwenye gazeti tunabandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto, na haanzi mstari mpaka auone huo utepe. Akinyoa, lazima apitishe kiganja cha kulia mashavu yote mawili kabla ya kuweka wembe chini. Mama anaanza kuzungumza akiwa mbele yake, halafu anasogea kushoto taratibu huku anaongea. Sasa hivi amerudi sehemu kubwa, ingawa akichoka, kushoto kunapotea tena.

Karibuni.

Fundi Saa

Pole kwa mzee. Kwetu ni shangazi, naye kiharusi. Alicheka msibani. Akaangua kicheko kabisa, mbele ya watu, huku machozi yanamtoka kwa aibu. Ndugu wengine wakamnunia muda mrefu. Daktari alieleza kwamba njia za neva zinazozuia kicheko na kilio zimeumia, kwa hiyo uso unacheka wakati moyo una huzuni yake. Alipewa dawa ya kundi la zile za sonona kwa kipimo kidogo, ikapunguza sana. Niongeze tu: akianza, tusimbembeleze wala tusimkemee. Tunabadilisha mada na inakatika.

MamaPacha

Mume wangu anatumia insulini. Ni mtu mpole kiasi kwamba hata watoto wanamwonea. Lakini kuna siku ananyanyuka na kuanza kugombana na mlango. Nasema kweli, mlango. Haufunguki haraka, basi anautukana.

Nimejifunza dalili zinazotangulia. Anarudia swali lile lile kana kwamba sijajibu. Jasho jembamba linatokea juu ya mdomo. Vidole vinatetemeka akishika simu. Ukipima, sukari iko chini ya 4 (mmol/L). Mwili ukiona sukari inashuka unamwaga adrenalini, ndiyo hiyo mitetemo na ugomvi. Na ubongo wenyewe, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote na hauna ghala la maana la sukari. Ikikatika, busara ndiyo inayoanza kuondoka.

Kosa wanalofanya wengi ni kumwambia, "Sukari yako imeshuka, kunywa!" Atakataa. Anayetakiwa kukubali ni huyo huyo mwenye ubongo ulioishiwa. Mimi namwekea glasi ya maji ya sukari mkononi na kusema, "Nishikie hii," kisha nanywa yangu mbele yake. Mara nyingi anakunywa bila kufikiri. Baada ya robo saa napima tena. Akija kutulia hakumbuki hata nusu ya aliyosema, na mimi sina sababu ya kumkumbusha. Angalizo: akiwa amepoteza fahamu, usimtie kitu chochote mdomoni. Piga simu msaada uje.

Mzee Kigoda

Nasoma tu. Lakini tuwe wakweli, uzi huu utageuka kichaka. Kila mlevi, kila mpiga mke, kesho atakuja kusema ni neva zake. Zamani mtu alikuwa na tabia mbaya na anaambiwa ana tabia mbaya, mambo yanaisha.

Sista wa Zamu

Mzee Kigoda shikamoo. Hoja yako ina uzito, na mimi wodini huwa naulizwa kila wiki na familia. Kipimo changu cha kwanza ni kuuliza: anamfanyia nani? Mtu anayefoka nyumbani tu, anayepiga watu pale mlango ukiwa umefungwa na wageni wameondoka, lakini mbele ya bosi wake ni kondoo, huyo breki anazo na anazitumia anapotaka. Aliyeumia ubongo huwa hachagui. Atamtukana daktari, mchungaji, polisi, na mtoto mchanga, wote kwa siku moja. Si sheria ya moja kwa moja, maana kuna magonjwa yanayoanza kwa kificho, ila inasaidia kuanza kuuliza maswali sahihi.

Halafu kueleza chanzo si kusamehe. Mume wa MamaPacha akikataa kabisa kupima sukari na akaendelea kuendesha gari, hapo tutazungumza lugha nyingine.

MamaPacha

Anapima, dada, kabla ya kushika usukani. Nilishaficha funguo mara moja, hajarudia.

Bila Jina

Nilivamiwa njiani jioni. Mtu mmoja, kisu. Sikupiga kelele, sikukimbia, sikumpa hata mkoba. Nilisimama tu. Nakumbuka kwa usahihi kitufe cha shati lake kilichokuwa kinaning'inia kwenye uzi, kana kwamba ndicho kitu pekee duniani. Alichukua mkoba mwenyewe akaondoka, na mimi nikaendelea kusimama.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye. Kituoni waliniuliza, "Kwa nini hukupiga kelele?" Nyumbani, swali hilo hilo. Ofisini, hilo hilo. Mpaka nikaanza kujiuliza mwenyewe kama labda nilikubali.

Mshauri nasaha ndiye aliyenieleza kwamba mwili ukiwa hatarini haukimbii au kupigana tu. Kuna kuganda, na kuganda kunaamuliwa chini kabisa, kwenye shina la ubongo, kabla wewe unayefikiri hujaulizwa. Misuli inakaza, sauti inakata, mara nyingine mapigo ya moyo yanapungua badala ya kupanda. Wanyama wengi wanafanya hivyo. Sikuchagua kusimama kama ambavyo sichagui kupepesa jicho vumbi likiingia.

Jingine: kwa muda mrefu nikisikia nyayo nyuma yangu, shingo inakaza kabla sijazisikia vizuri. Bado, lakini imepungua. Kinachonisaidia ni kutoa pumzi taratibu, ndefu kuliko ninavyoivuta. Pumzi ya kutoka ndiyo inayoshusha mapigo ya moyo.

Kipanga Mtulivu

Pole sana, na ahsante kwa kuandika. Hilo swali la "kwa nini hukupiga kelele" linapaswa kupigwa marufuku.

Kobe wa Pwani

Langu dogo. Niligusa pasi ya moto. Mkono ulishatoka ndipo nikasikia maumivu, na nilishasema neno la aibu mbele ya mama mkwe. Mkono naweza kusema uliamuliwa na uti wa mgongo bila kungoja kichwa. Hilo neno je, naliwekea utetezi gani?

Fundi Saa

😂 Hilo ni lako mwenyewe.

Mti Mkavu

Nimekatwa mguu wa kulia chini ya goti, ajali ya mashine kazini. Watu wanajua habari ya kuwashwa kidole ambacho hakipo, na ni kweli, kinawasha. Wasilojua ni kwamba usiku ukiamka kwa usingizi, unausimamia. Ubongo bado una ramani ya mguu wote, unatoa amri "kanyaga", na unaanguka kama gogo. Baada ya kuanguka hivyo naweka kiti kikubwa kubana kitanda, ili nikitaka kushuka nigonge kitu kwanza.

Kwa maumivu ya mguu usiokuwepo nilifundishwa kioo. Unakiweka katikati ya miguu, unatazama taswira ya mguu mzima kana kwamba ndio ule uliokatwa, halafu unaukunjua vidole polepole. Mtafiti wa ubongo, Vilayanur Ramachandran, ndiye aliyeieneza njia hii miaka ya 1990. Kuna wanaosema haiwasaidii. Mimi inanisaidia jioni, asubuhi hapana, na sijapata wa kunieleza kwa nini.

Nahodha Mstaafu

Nina ugonjwa wa Parkinson. Ubongo wangu unapungukiwa dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva, mikono inatetemeka, mwendo umekuwa mfupi. Nikaanzishiwa dawa inayoiga kazi ya dopamini. Mwili ukafunguka, nikashukuru.

Mimi maishani sikuwahi kucheza kamari. Miezi kadhaa baada ya dawa, nilikuwa nabeti kwenye simu saa nane usiku, nimejifunika shuka ili mwanga usimwamshe mke wangu. Raha yenyewe haikuwa katika kushinda. Ilikuwa pale kwenye kusubiri matokeo. Mechi za nchi ambazo siwezi hata kuzionyesha kwenye ramani. Mke wangu aligundua akiba imepungua, na wazo la kwanza la familia nzima likawa kwamba uzee umenitoa adabu.

Mwanangu ndiye aliyesoma karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Imeandikwa waziwazi: kamari, kununua ovyo, kula bila kiasi, tamaa ya mapenzi kuzidi. Dopamini hiyo hiyo inayosukuma mikono na miguu ndiyo inayosukuma hamu ya kufuata zawadi. Daktari alishusha kipimo hatua kwa hatua na kubadilisha dawa. Msiache ghafla wenyewe, ina madhara yake. Hamu ikaisha yenyewe, kama taa iliyozimwa na mtu mwingine. Fedha haikurudi.

Mzee Kigoda, nakuuliza kwa heshima: ile ilikuwa tabia yangu?

Mzee Kigoda

Nahodha, hapo sina jibu la haraka. Ila ulijifunika shuka. Ulijua.

Nahodha Mstaafu

Nilijua, ndiyo. Kujua kulikuwepo. Uwezo wa kuacha ndio haukuwepo. Kabla ya hapo nami nilidhani hivyo vitu viwili ni kimoja.

Sista wa Zamu

Mnapofika hapa kuna mtu lazima atamtaja Phineas Gage, basi nimtaje mimi ili asimuliwe mpaka mwisho. 13 Septemba 1848, karibu na Cavendish, jimbo la Vermont, Marekani. Msimamizi wa ujenzi wa reli, umri miaka 25. Baruti ililipuka na chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi kikaingia chini ya shavu la kushoto na kutokea utosini. Hakufa. Daktari wake, John Harlow, aliandika baadaye kwamba rafiki zake walisema huyu si Gage tena: matusi, papara, mipango inayoanzwa na kuachwa.

Wengi wanaishia hapo. Lakini Gage alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa, kazi inayotaka ratiba, uvumilivu na kuelewana na abiria. Alifariki 1860 baada ya kuanza kupata degedege. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya ubongo iliumia vibaya, na bado inaonekana alijengeka upya kwa kiasi fulani, pengine kwa sababu kazi yenyewe ilimpa mpangilio wa kila siku. Mimi nikiwa na familia iliyokata tamaa huwa nawapa nusu hii ya pili.

Njiwa

Nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Kaka yangu ana miaka hamsini na kitu. Alikuwa mhasibu, mtu wa kuhesabu mpaka chenji ya mwisho. Sasa anagawa fedha kwa watu asiowajua, anatania mambo ya aibu mbele ya binti zake, na mkewe alipougua alimtazama tu akaendelea kuangalia televisheni. Kumbukumbu anayo vizuri, anataja namba za simu za zamani zote. Wote wanasema amepata mwanamke nje. Mimi sijui.

Sista wa Zamu

Njiwa, hapa hatuwezi kumpima, ila apelekwe, na mapema. Kumbukumbu nzuri isiwadanganye. Kuna magonjwa yanayoanza kula sehemu ya mbele na za pembeni za ubongo, na yanagusa huruma na aibu miaka kadhaa kabla ya kumbukumbu. Vilevile kuna mambo yanayotibika yanayoweza kufanana na hayo, kwa hiyo ombeni aangaliwe tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, virusi vya UKIMWI, dawa anazotumia, na picha ya kichwa.

Andikeni matukio na tarehe zake: alifanya nini, mbele ya nani, na zamani angefanyaje. Mtu mmoja anayemjua vizuri aingie naye kwa daktari, kwa sababu akiulizwa yeye atasema hana tatizo lolote, na atasema kwa ufasaha. Wakati mnasubiri miadi, shemeji yako azungumze na benki kuhusu kikomo cha kutoa fedha, na kaka yako asiachwe asaini mkataba wowote akiwa peke yake.