Kwenda Whitby kwa treni ya moshi na kurudi siku moja: nina mama mwenye goti na watoto wawili

MamaZuu_Leeds
Asalam alaikum wanajamvi. Mama yangu amekuja kutoka Tanga, yuko nami hadi mwisho wa Agosti, na kila siku ananiuliza bahari ya Wazungu iko wapi. Nasikia kuna treni ya moshi, ya makaa kabisa, kati ya mji wa Pickering na Whitby, mji wa pwani huku Yorkshire. Watoto wana miaka minne na saba. Huyu mkubwa shida yake ni stesheni ya Harry Potter tu. Mama goti linamsumbua, ngazi haziwezi. Gari hatuna. Tutaweza kwenda na kurudi siku moja? Na kula mnakulaje huko?

mtoto_wa_gadi
Waalaikum salaam dada. Mtaweza, ila msifuate njia ya wengi. Wengi hupanda treni Pickering asubuhi, wakarudi na basi jioni. Wewe geuza: nenda na basi, rudi na treni hadi Pickering. Basi namba 840 linatoka Leeds, linapita York, Malton na Pickering, linakata nyika mpaka Whitby. Ni refu, lakini asubuhi watu bado wana nguvu, na Agosti ile nyika yote inachanua zambarau.

Sababu ya kugeuza ni mlima. Kutoka stesheni ya Grosmont kupanda ya Goathland, reli inainuka futi moja kila futi 49. Kwa treni huo ni mlima hasa. Ukienda asubuhi unaushuka, kichwa cha treni hakifanyi kazi yoyote, kinateleza tu. Ukirudi jioni ndipo utasikia kinavyohema, pumzi moja moja, nzito, moshi unapiga madirisha. Kaeni behewa la karibu na kichwa. Marehemu baba alikuwa gadi wa treni, nami sauti hiyo naijua tangu utotoni; hapo Grosmont huwa siongei na mtu.

Mkitoka Whitby kaeni upande wa kushoto, mto Esk na bandari viko huko, halafu mnapita chini ya daraja la matofali la Larpool, refu kama nini. Goathland ndiyo stesheni ya Hogsmeade ya ile filamu ya kwanza ya Harry Potter ya 2001, treni inasimama, mwache kijana apigwe picha dirishani. Mkishuka mtasubiri treni nyingine, na mtakuwa mmeshachoka.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye ratiba. Si kila treni inafika Whitby, nyingine zinaishia Grosmont. Na si zote za moshi: zipo za dizeli, na kiangazi kikikaza wanaziweka za dizeli hata zamu zisizo zake, kwa sababu cheche moja inaweza kuwasha nyika nzima. Kata tiketi mapema, Agosti inajaa.

Mavazi: usimvalishe mtu nguo nyeupe. Masizi yanaingia dirishani. Mama na buibui lake jeusi ndiye atakayefika salama kuliko nyote.

Sasa chakula, na hapa soma vizuri. Whitby ni mji wa samaki na chipsi, harufu utaipata stesheni. Lakini Yorkshire desturi yao ni kukaangia mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe hujui kachinjwaje. Uliza kabla ya kupanga foleni. Wapo wanaotumia mafuta ya mimea. Mimi hubeba viazi karai na chupa ya chai, nikamaliza. Ila mnunulie mama kipper, samaki wa herring aliyetiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi wa mti wa mwaloni. Anauzwa Henrietta Street, karibu na zile ngazi 199 za kwendea kanisani. Mtu wa Tanga akimla huyo atataka kuondoka na boksi zima.

Kipanga_Bradford
Mtoto wa gadi una raha zako. Mama mwenye goti, karibu saa nne ndani ya basi, ili tu asikie kichwa kinahema? Dada, panda treni ya kawaida hadi Malton, hapo ndipo uchukue 840. Hata jioni hivyo hivyo. Na angalia basi la mwisho la kutoka Pickering kabla hujalipa chochote.

mtoto_wa_gadi
Hilo la Malton ni sawa, nakubali. La kuhema sirudi nyuma.

SimbaWaReli
Nanyi msisahau vichwa vikubwa vya kwetu vilitoka huku huku. Vile vya aina ya 59 (Class 59) vya Reli ya Afrika Mashariki, 34 kwa jumla, viliundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja kikapewa jina la mlima. Mount Gelai kiko makumbusho ya reli Nairobi hadi leo. Ila vyetu vilichoma mafuta mazito, si makaa, kwa hiyo mama huenda moshi huu akauona mgeni.

MamaZuu_Leeds
Nimemsomea mama, anacheka, anasema basi atakaa dirishani na buibui lake. Ngazi 199 hapandi! Kuna pa kumkalisha aione bahari? Na sala?

mtoto_wa_gadi
Asizipande kabisa. Stesheni iko chini, karibu na bandari. Tembeeni taratibu ukingoni, msivuke daraja, mpaka gati la magharibi. Mabenchi yapo, na yale magofu ya abasia, nyumba ya kale ya watawa, utayaona juu ng'ambo bila kulipa. Adhuhuri na Alasiri mnajumuisha, nyinyi wasafiri. Shakwe wa pale ni majambazi, mdogo asishike chakula mkono wazi. Na tazama jedwali la maji: yakijaa, mchanga karibu wote unamezwa mpaka ukutani, kwa hiyo watoto wacheze yanapokupwa.

MamaZuu_Leeds
Shukran. Jumatano ijayo inshallah, maji yanapwa saa saba mchana.