Kihariri kinachobadilishwa kikiwa kazini: uhuru au kujitafutia balaa?

Mleta mada: Wakuu, GNU Emacs, kihariri cha kuandikia msimbo na maandishi, tangu 1985 inakuruhusu uandike fanksheni ya Lisp (lugha ya programu inayoitumia), ubonyeze C-x C-e (Ctrl+x kisha Ctrl+e, kuitekeleza), na kihariri kinabadilika papo hapo bila kuzimwa. VS Code, kihariri kingine cha 2015, imezitenga programu-jalizi (nyongeza za kukiongezea uwezo) kwenye mchakato wa pembeni, yaani programu inayoendeshwa kando, dirisha lenyewe hazilishiki. Mimi niko na Emacs. Juzi nilikuwa na faili la logi lililochafuka vibaya. Nikaandika mistari sita, nikaijaribu, nikairekebisha mara tatu, kazi kwisha. Wala sikuihifadhi.

Mdau wa pili: Hadithi tamu, ila umeikatia njiani. Ulichobadilisha kiko kwenye kumbukumbu, diski haina habari. Mimi nilikaa siku nne na Emacs inayokwenda vizuri kabisa. Kuiwasha upya, makosa matupu. Kumbe fanksheni moja niliishaifuta kwenye faili, lakini kwenye kumbukumbu ilikuwa bado hai na wenzake wanaitegemea. Na defvar, amri ya Lisp ya kutaja kigezo na thamani yake ya kuanzia, je? Badilisha thamani, pakia faili upya, ya zamani imeng'ang'ania palepale.

Mleta mada: Hapo umenishika kidogo. Lakini C-M-x (Ctrl+Alt+x) juu ya hiyo defvar inalazimisha thamani mpya. Na mimi sizimi Emacs kabla sijafungua ya pili kupima faili langu la kuanzia, lile la mipangilio linalosomwa Emacs ikiwashwa.

Mdau wa tatu: Yaani unahitaji Emacs mbili ili uiamini moja! Mie nimetoka Atom (kihariri kingine, kilichositishwa Desemba 2022). Kule programu-jalizi ziliingia hadi ndani ya dirisha. Moja ikielemewa, unaandika herufi, unaisubiri itokee. Kwa VS Code, jalizi ikikwama mimi naendelea kuandika. Ukuta huo wa kuzitenga nautaka.

Mdau wa nne: Ukuta huo msiupambe. Unalinda kasi, haulindi siri. Jalizi ya VS Code ina ruhusa zilezile ulizonazo wewe: inasoma faili zako, inatoka mtandaoni, na usipogusa mipangilio inajisasisha yenyewe. Bora mistari sita niliyoandika kwa mkono wangu.

Mdau wa pili: Sita sawa. Mleta mada, hilo faili lako la kuanzia linapakia mistari mingapi ya watu wengine, ndani ya mchakato uleule, bila ukuta wowote?

Mleta mada: Yangu ni kama mia tatu. Ya watu sijawahi kuihesabu.