Nimeitwa jina langu ndani ya Mapango ya Amboni, nikaitika. Naombeni ushauri

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muongoza watalii hapa Tanga, mwaka wa sita sasa. Kazi yangu kubwa ni kuingiza watu Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini, njia ya Mombasa. Wageni wengi wanafuata habari za mizimu, na ndizo ninazowapa: yule mbwa anayesimuliwa kupotelea humu akaibukia Kilimanjaro, Otango na Paulo Hamisi, waliosakwa na serikali ya kikoloni wakajificha humu miaka ya 1950, na Mzimu wa Mabavu.

Wiki tatu zilizopita niliingia na wageni wanne. Tulipofika kwenye mzimu, pale watu wanapoacha sarafu, vitambaa na marashi, mgeni mmoja akanyanyua kichupa ili apige picha. Sikumkataza. Kizibo kilikuwa kimezungushiwa uzi mweusi, na chini yake palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa na kukunjwa mpaka kimekuwa kama punje ya hindi. Kikaanguka. Kichupa alikirudisha, kikaratasi sikuangalia.

Mbele kidogo kuna njia nyembamba ya kuinama. Huwa nabaki nyuma nihesabu watu. Wote wanne walikuwa mbele yangu, tochi zao naziona. Nikasikia naitwa kutoka nyuma. Si jina la kazini, ni jina la nyumbani alilonipa bibi, ambalo hapa Tanga hata watu watano hawalijui. Sauti ya mwanamke, taratibu, kama anamwamsha mtoto. Nikasema "naam", nikageuka na tochi. Jiwe tupu.

Bibi alituonya tangu wadogo: ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Mimi nimeitika. Tangu siku ile naamka usiku wa manane nimebanwa, kifua kizito, kidole siwezi kuinua. Ijumaa nilikuwa na wanafunzi, nikahesabu vichwa mara tatu, mara ya pili akazidi mmoja. Siongezi chumvi. Nina mke na watoto wawili, kazi nyingine sina. Niache? Niende kwa nani?

Mkwaju wa Pongwe
Pole sana mdogo wangu. Mnapoingia mnapiga hodi? Kile kichupa ni ombi la mtu. Kuna wanawake waliotafuta mtoto miaka na miaka wakafika pale na nauli ya kuazima. Wewe umekaa kimya mgeni akalishika ombi la mtu kama kitu cha dukani. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia. Rudi, uombe radhi.

Zamu ya Usiku
Mimi ni nesi. Huko kubanwa ni jinamizi: akili inaamka kabla mwili haujaamka. Linawapata sana watu wenye mawazo, wasiolala vya kutosha, na wanaolala chali. Haina maana umefuatwa. Lala ubavu, saa zilezile kila siku. Likizidi, nenda kituo cha afya, usione haya. Kuhusu ile sauti siwezi kusema, sikuwepo.

Fundi Chokaa
Mkuu, yale ni mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji, yana matundu kila upande. Mtu akisema kitu mbele, sauti inaweza kuzunguka ikakutokea mgongoni. Na kwenye giza kama lile akili inajijazia yenyewe.

Mleta mada
Fundi, nakushukuru, mwangwi wa mle nimeuzoea. Lakini wale wageni hawakuwa wanalijua jina hilo.

Ummu wa Chumbageni
Kaka yangu, soma Ayatul Kursi na Falaq na Nas kabla ya kulala na kabla ya kuingia. Ongea na sheikh wa msikiti wenu. Usiende kutoa kafara kwa mzimu, tafadhali.

Mkwaju wa Pongwe
Dada, sijasema kafara. Nimesema radhi, kwa aliyeweka ombi lake pale.

Mlinzi wa Kaole
Nimetembeza watu makaburi ya Kaole, Bagamoyo, miaka tisa. Nami nimesikia hatua nyuma yangu alfajiri, hakuna mtu. Sikuacha kazi, nilibadilisha namna ya kuifanya. Hadithi zote nasimulia nje. Nikifika kaburini natoa salamu, nasema mambo mawili ya historia, basi. Hakuna anayegusa kitu, hata akinipa dola. Na usikae nyuma peke yako, tafuta mwenzako afunge msafara.

Mleta mada
Mrejesho. Jumatatu niliingia na mwenzangu asubuhi, kabla ya wageni. Tulipiga hodi. Kichupa kipo, kikaratasi kilikuwa kimelala hatua moja pembeni, kimekanyagwa, alama ya soli inaonekana. Nilikipangusa kwa shati, nikakirudisha chini ya kichupa bila kukifungua. Nikaomba radhi kwa sauti, mwenzangu anasikia. Usiku nilisoma alichosema Ummu, nikalala ubavu. Nilishtuliwa na adhana.

Sina hakika kama yameisha. Kesho nina watu kumi na wawili. Mwenzangu atafunga msafara, na hadithi nitawapa nje, chini ya mti, kabla hatujawasha tochi.