Nimeitwa mchujo wa chemsha bongo ya TV, nijiandae vipi? Wenye uzoefu naomba msaada

KijanaHadiwea, Kisumu
Wadau habari za jioni. Mimi niko Kisumu, nauza kwa duka la hadiwea huku Kibuye, na wiki iliyopita nimepigiwa simu naambiwa maombi yangu yamepita kwa ile chemsha bongo ya maarifa ya jumla inaonyeshwa wikendi, sasa wananitaka Nairobi mwisho wa mwezi kwa mchujo na ukipita unarekodi wiki hiyo hiyo. Mfumo wao ni ule wa majibu manne unachagua moja, sekunde 30, una msaada wa kupigia rafiki, kuuliza watazamaji na kuondolewa majibu mawili ya uongo, na wakati wowote unaweza kusema nimetosheka ukaenda na kile umefikisha.

Shida yangu ni hii. Nikiwa nyumbani nimekaa na familia najibu mengi kabla hata mtangazaji hajamaliza kusoma, lakini shemeji yangu akinisimamisha na kuniwekea saa ya simu, kitu nakijua kabisa kinakataa kutoka mdomoni, nabaki nasema iko hapa iko hapa mpaka muda unaisha. Nimeanza kukariri miji mikuu ya dunia, mito, milima, marais, nimetoa mpaka madaftari ya GHC (jiografia, historia na uraia) ya kaka yangu mkubwa aliyefanya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, zamani. Hii ndio njia ama nakesha bure? Na ile presha ya taa na kamera watu wanaishinda aje? Hii pesa ikipatikana ni karo ya dada yangu aliye chuo, kwa hivyo naomba tusaidiane kwa moyo.

MwalimuMstaafu, Kakamega
Hongera kijana wangu, kuitwa peke yake ni kitu. Mimi hiyo GHC nimeifundisha mpaka nikastaafu na nakuomba hayo madaftari uyafunge leo. Si mabaya, ni vile majibu mengi ndani yake yalishakufa, na mtunzi wa maswali anajua watu wa umri wako walikariri nini, ndiyo maana lile jibu la zamani analiweka pale kwa A ama B likungoje. Daftari litakuambia nchi kubwa Afrika ni Sudan, na ilikuwa kweli mpaka Julai 2011 Sudan Kusini ilipojitenga, sasa ni Algeria. Litakuambia sayari ni tisa, Pluto iliondolewa 2006 zikabaki nane. Jumuiya ya Afrika Mashariki wewe ulijua ni Kenya, Uganda na Tanzania, leo ni nchi nane, kuna Rwanda na Burundi, Sudan Kusini ikaingia 2016, Kongo ya Kinshasa 2022, Somalia 2024. Swaziland ni Eswatini tangu 2018, mji mkuu wa Burundi ni Gitega, na India ndiyo yenye watu wengi duniani, iliipita China 2023. Kwa hivyo usikariri jibu likiwa uchi, kila jibu ulishike na mwaka wake na sababu yake, tangu lini na ni nini kilibadilisha. Ukijua sababu hata ukisahau jina utalifikia.

NakuruDamu
Mwalimu umesahau majiji! Ukiulizwa Kenya ina majiji mangapi usiseme matatu kama wazee wetu. Kisumu yenu ilipandishwa 2001, sisi Nakuru tukapata hati yetu Desemba 2021 tukawa wa nne na Eldoret wakafuata 2024, jumla tano. Na kaunti ni 47, usichanganye.

BodaMaseno
Mimi naomba kupinga kidogo, kwa heshima. Hii ya kusema usikariri inasikika tamu lakini kichwa kikiwa hakina vitu ndani hizo sababu utaziweka wapi? Miji mikuu lazima uijue, bendera lazima, hakuna njia ya mkato. Lakini nakubaliana na mwalimu kwa kitu kimoja, maswali yana mitego. Mimi napita kwa ule mstari wa ikweta hapa Maseno kila siku na abiria, na siku moja mgeni akaniuliza ikweta inapita nchi gani za bara la Afrika, nikamtajia Kenya, Uganda, Somalia, Kongo zote mbili na Gabon. Akasema umeacha Guinea ya Ikweta. Nikamwambia hapana, hiyo ni jina tu, nchi kavu yake haiguswi na ikweta mahali popote, visiwa vyake viko huku na huku ya mstari na bara lao lote liko kaskazini. Akatafuta kwa simu akanyamaza. Hiyo ndiyo aina ya swali huwa linawekwa pale juu kwenye pesa nyingi.

MvuviDunga, Kisumu
Naunga boda mkono, na wacha nilete la kwetu kwa sababu najua lazima watakuuliza mtu wa Kisumu habari ya ziwa. Watu wengi hapa watakuambia Victoria ni ziwa la kwanza duniani la maji baridi. Si kweli, kwa eneo ni la pili, la kwanza ni Superior huko Amerika Kaskazini. Victoria ni kama kilomita za mraba 68,800 na Superior iko juu ya 82,000. Lakini sasa akiuliza kina, Victoria yetu mahali penye kina kabisa ni kama mita 80 hivi, Tanganyika inashuka mita 1,470 na ni ya pili duniani, nyuma ya Baikal ya Urusi. Kwa hivyo Tanganyika eneo lake halifiki hata nusu ya Victoria lakini maji yake ni mengi kupita mara kadhaa. Unaona kaka? Swali ni moja, ziwa kubwa, lakini jibu linabadilika kulingana na kama amesema eneo, kina ama ujazo. Na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu, kubwa ni ya Tanzania halafu Uganda, hiyo inauma lakini ndivyo ilivyo.

Pia soma habari ya reli. Ilianza Mombasa 1896 ikafika hapa 1901, mji ukiitwa Port Florence, jina la mke wa injinia Preston. Watu hushangaa kwa nini iliitwa Reli ya Uganda na iliishia Kisumu, sababu ni kwamba wakati ule upande huu wote ulikuwa chini ya Uganda, ulihamishiwa upande wa Kenya ya sasa 1902.

KijanaHadiwea, Kisumu
Asanteni sana jameni, hii ya ziwa ningeingia nayo mzima mzima. Mwalimu nimefunga madaftari. Lakini bado ile ya kujua kitu na kisitoke, na pia sijui nani nimweke awe rafiki wa kupigiwa.

DadaWaMaktaba, Nakuru
Kaka yangu, hiyo shida yako haiponi kwa kusoma zaidi, inapona kwa kuulizwa zaidi. Kusoma tena na tena kunakupa tu ile hisia ya kwamba hii naijua, lakini studio hawakupi ukurasa wa kuangalia, wanataka ulitoe kichwani. Mjerumani mmoja Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu mwaka 1885 baada ya kujipima mwenyewe miaka mingi, akaonyesha kwamba kitu kinasahaulika haraka sana mwanzoni halafu polepole, na ukikirudia kwa kuachanisha siku kinakaa kuliko ukikirudia mara nyingi kwa usiku mmoja. Kwa hivyo kata makaratasi ya manila, swali upande mmoja jibu upande mwingine, weka chini ya kaunta hapo dukani. Mteja akiondoka toa moja, jibu kwa sauti kabla ya kugeuza. Ukilipata lirudi baada ya siku tatu, ukilikosa lirudi kesho. Na watoto wa jirani wakuulize wakipiga kelele, usitafute mahali kimya, studio si kimya.

Kuhusu mitego ya neno moja, fanya kadi za "wa kwanza", hizo hupendwa sana. Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki ni Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800 Tokyo 1964. Dhahabu ya kwanza ni Naftali Temu, mita 10,000, Mexico 1968. Mwanamke wa kwanza kupata medali ni Pauline Konga, fedha Atlanta 1996, na mwanamke wa kwanza wa dhahabu ni Pamela Jelimo, mita 800 Beijing 2008. Maswali manne hayo na mtu asiyesikiliza ataweka Kipchoge Keino, yule mkimbiaji wetu wa zamani, kwa yote. Tena Eliud Kipchoge alikimbia marathon kwa 1:59:40 Vienna 2019 lakini haikuhesabiwa rekodi, ile 2:00:35 ya Kelvin Kiptum Chicago 2023 ndiyo iliandikwa rasmi.

Presha sasa. Mtu wa kwanza kushinda milioni ya dola kwenye chemsha bongo ya Marekani, Who Wants to Be a Millionaire, John Carpenter, Novemba 1999, alifika swali la mwisho hajatumia msaada hata mmoja. Akaomba kumpigia baba yake, na si kuomba jibu, alimwambia tu sihitaji usaidizi, nilitaka ujue naenda kushinda hii milioni. Mimi nikiiangalia naona mtu ambaye alijipa muda wa kupumua kabla ya kusema jibu. Hicho unaweza kufanya pia, rudia swali kwa sauti polepole, taja yale majibu unayoyakataa na sababu, sekunde 30 ni nyingi kuliko unavyodhani ukiwa unaongea.

Mhasibu_Bungoma
Mimi naongelea kusimama, yaani kusema nimetosheka, maana hapo ndipo pesa inapotelea. Tuchukulie mfano umefikisha 100,000, swali linalofuata ni la 250,000 na ukikosa unashuka 50,000. Ukibahatisha kati ya majibu manne, robo ya 250,000 ni 62,500, robo tatu ya 50,000 ni 37,500, jumla 100,000. Ni sawasawa na kusimama, haina faida yoyote, umejitafutia tu shinikizo la damu. Lakini ukiwa umeondoa mawili ukabaki na mawili, wastani ni 150,000, hapo hesabu inakuambia jibu. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayecheza mara nyingi na wewe unacheza mara moja. Kama hiyo 100,000 inatosha karo ya dada mwaka huu, mimi ningesimama hata kama nimebaki na mawili. Amua hiyo nambari ukiwa Kisumu, iandike, usiiamue chini ya taa.

Rafiki wa simu usiweke mwenye digrii nyingi, weka mwenye hujibu haraka na ambaye atakubali kusema sijui. Mwambie aseme jibu na ana uhakika kiasi gani, basi. Na wewe soma swali kwanza kabla ya salamu, mkianza za nyumbani muda umeisha. Watazamaji watumie mapema, kwa mambo ya mpira, muziki, chakula, vitu kila mtu anajua. Mambo ya karne ya 16 usiwaulize.

MamaPima, Kisumu
Mwanangu mimi sijui ikweta lakini najua hili, kuna mtu atakupigia aseme tuma kidogo kwa M-Pesa ya usajili ama ya kupangiwa kiti cha mbele. Usitume hata shilingi. Tafuta namba ya stesheni yenyewe, si ile iliyokupigia, uwaulize kama jina lako liko. Na usisafiri usiku wa kuamkia mchujo, fika siku moja mbele ulale kwa watu.

KijanaHadiwea, Kisumu
Mama ahsante, kesho asubuhi nawapigia stesheni kabla ya kufungua duka. Nambari yangu ya kusimama nimeiandika. Kadi nimekata leo jioni, za "wa kwanza" na za ziwa ziko tayari. Rafiki wa simu nimefikiria, mwalimu ungekubali?

MwalimuMstaafu, Kakamega
Nakubali kijana, nitumie ujumbe kwa siri tupeane namba. Historia, jiografia na siasa niko, muziki wa sasa tafuta mwingine. Jumapili saa kumi alasiri tufanye zoezi la simu, sekunde 30 kila swali, shemeji ashike saa na wewe uwe umesimama.